Mfumbati wa Mvule

Masika ya 2011 nilirudi nyumbani Ngamiani, Tanga, kwa likizo ya wiki mbili. Hata begi sijalitua, mama akaniambia dirisha lake limeanza kumtemea mate. Hakuwa anatania. Mvua ikija na upepo wa kusi, maji yalipenya pembeni mwa fremu, yakateremka na ukuta mpaka kwenye mkeka wake wa kuswalia.

Nyumba yetu ni ya kizamani: miti, fito na udongo, juu yake lipu ya chokaa. Kaka alikuwa ameshapiga hesabu ya kuling'oa dirisha zima na kuweka alumini, yale ya vioo vya kusukuma. Mama hakutaka kusikia. Dirisha lake la mbawa mbili akilifungua asubuhi anaiona barabara yote, anasalimiana na wapita njia, mchicha anaununua bila kuvaa viatu. La kusukuma hufunguka nusu tu. "Na ile nusu nyingine nimwachie nani?" akauliza. Kaka akanyamaza, mimi nikajitia kimbelembele: nitalitengeneza. Mkosaji nilikuwa nimeshamjua. Mchwa.

Nilianza na bisibisi na msasa. Rangi ya kijani ikabanduka, chini yake kijivu, chini ya kijivu kijani kingine. Nilipobonyeza mwimo wa kushoto, ule mti wa wima wa fremu, karibu na kizingiti cha chini, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, kama unachoma embe lililooza. Nikachokonoa. Vikatoka vipande vyeusi, vimelowa, vinanuka kisima. Mchwa sikuona hata mmoja. Wala njia zao za udongo hazikuwapo. Hapo ujuzi wangu ukawa umeishia, nikaenda nyumba ya tatu kumwita mzee seremala.

Alikuja na kapu la ukindu, ndani patasi nne alizozifunga kwenye kipande cha kikoi kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaziba hapa?"

Alikuwa anagonga saruji iliyozunguka fremu. Nilitamani kusema sijui. Aliyeziba ni mimi, mwaka 2006, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne na nimeona ufa kati ya fremu na ukuta. Nilichanganya saruji nzito, nikaishindilia, nikailainisha kwa mgongo wa kijiko, na mwezi mzima kila mgeni aliyefika nilimpeleka akaione.

"Ukuta wa udongo ukinyeshewa unakunywa," mzee alisema, "jua likitoka unatoa jasho. Hii yako haitoi jasho. Maji yameingia kwa juu, chini hayana pa kutokea. Miaka mitano umeukalisha mti kwenye bakuli." Kisha akanipa tindo na nyundo, akaniambia nianze kuitoa. Ilinichukua siku mbili. Kwa kweli niliishindilia vizuri.

Yeye alishughulika na mbao. Juu ya palipooza mwimo ulikuwa mzima kabisa, mvule mtupu, mgumu, rangi ya asali iliyokaa. Aliukata mshazari, si mkato ulionyooka, ili gundi ipate pa kushika na maji yakifika pale kwenye kiungo yateleze kwenda nje. Ikatoka shubiri moja na nusu ya mwimo, na kizingiti cha chini chote. Sasa tukahitaji mbao ya kurudishia. Kwenye duka la mbao tulikuta mtiki wa shamba la miti la Longuza, kule Muheza, umenyooka, unavutia. Mzee akaushika, akaunusa, akaurudisha. Mbichi. Ukiuweka leo, kiangazi utasinyaa na ufa utarudi palepale.

Mama alitusikia tukilalamika uani. Akaingia stoo, akatoka anaburuta mfumbati wa kitanda chake cha zamani, kile alichokivunja kaka kwa kurukaruka. Mvule, mkavu kuliko sisi sote. Alikuwa anautumia kuegemeza kamba ya nguo. "Huu nao umelala vya kutosha," akasema, akarudi jikoni.

Mzee aliupiga randa, vumbi likajaa uani. Mwenyewe alikuwa amejifunga kilemba puani, nami nikamcheka. Jioni macho yangu yalikuwa yamevimba na nilipiga chafya hadi jirani akaniombea kwa sauti. Vumbi la mvule halina adabu. Halafu alipoanza kuchonga ulimi wa kuingia kwenye kizingiti, patasi ikalia *ting*. Akaitazama: ncha imemeguka. Akachokoa taratibu, akatoa kijiwe cheupe, hakizidi punje ya kunde, akakiweka kiganjani mwangu. Jiwe, ndani ya mti. Maseremala wanalijua, mvule uliojeruhiwa ukiwa hai hujikusanyia chokaa tumboni. Alikaa kwenye kigoda kunoa patasi ile karibu nusu saa, hasemi na mtu.

Usiku wa kwanza tulifunika tundu kwa turubai. Mama alikataa kuhama chumba. Saa nane mvua ikashuka, pembe moja ikachomoka, tukaishikilia wote wawili tumesimama juu ya kitanda, tumelowa, yeye anacheka na kunisimanga kwa kijiko changu.

Kizingiti kipya mzee alikipa mwinamo wa kwenda nje. Aliomba gololi kwa watoto, akaiweka juu yake. Ilipobiringika yenyewe mpaka barabarani ndipo alipotosheka. Upande wa chini, karibu na ukingo, alichonga kifereji chembamba ili tone la maji likifika hapo lidondoke, lisirudi ukutani. Ufa ukazibwa kwa chokaa na mchanga. Mimi nilipewa ndoo nishike.

Kasoro ilibaki moja: ubawa wa kulia uligoma kufunga, unasugua juu. Nikachukua randa. Mzee akanishika mkono. Mbao imevimba kwa masika, akasema, ukiipunguza sasa, kaskazi ikifika utapitisha kidole. Kwa hiyo niliondoka kurudi Dar es Salaam dirisha likiwa limefungwa kwa utepe wa kanga, na kaka akiwa na maneno yake.

Desemba, siku moja asubuhi, simu ikaita. Mama hakusalimia. "Sikiliza," akasema. Nikasikia bawaba, kisha ubao ukigusa ubao, kisha komeo likiingia mahali pake.