Jamaa alivyoimbishwa wimbo wa taifa ndani ya basi

Mwisho wa mwezi wa kumi 2018 nilikua nasoma masters Mexico City, tasnifu yangu inahusu jinsi waandishi wa kule walivyohangaika na swali la "sisi Wamexico ni nani hasa". Mwandishi Vasconcelos mwaka 1925 alishatangaza kwamba mchanganyiko wa watu wote utazaa jamii mpya ya binadamu, mshairi Octavio Paz 1950 akaja na kile kitabu chake cha upweke, Mmexico anavaa kinyago, baba Mhispania mama mwenyeji wa asili, basi. Paz anaandika vizuri sikatai, ila kila nikisoma najiuliza mbona sie weusi hatumo humu, maana mwanaanthropolojia Gonzalo Aguirre Beltrán toka 1946 alishaonyesha kua enzi za mwanzo za ukoloni Waafrika walioletwa utumwani walikua wengi kuliko Wahispania wenyewe. Huyo mzee alienda mpaka Cuajinicuilapa, pwani ya jimbo la Guerrero, akakaa na watu, kitabu chake kikatoka 1958. Nikasema na mimi naenda hukohuko, tena Siku ya Wafu, sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu, na dodoso langu la maswali 24.

Nikaunganisha basi Acapulco, ile barabara ya 200. Pembeni yangu kakaa kijana mweusi kunizidi mimi wa Tanga, kofia ya besiboli, kapakata mfuko wa mikate ya wafu, anarudi nyumbani kutoka kazi ya ujenzi. Akaniuliza kwetu wapi. Tanzania. Akafikiri kidogo, "hiyo iko upande wa Oaxaca?", yaani jimbo la jirani tu hapo. Nilicheka mpaka na ye akacheka.

Mbele huko kuna kizuizi, maafisa wawili wakapanda, abiria wa mbele wote wakawapita kama hawapo, wakaja moja kwa moja kwetu. Nikatoa pasi, wakafunua viza, gracias joven, yaani asante kijana, nikarudishiwa, hata dakika haijaisha. Jamaa akatoa kitambulisho chake cha kupigia kura chenye picha yake kabisa, afisa akakikunjakunja na kukikwaruza na kucha, akasema hiki feki, wewe sio wa hapa, hebu imba wimbo wa taifa. Mi nilijua utani. Jamaa akasimama, akavua kofia.

Akaimba. Kiitikio kilienda vizuri, si kila mtoto wa shule kule anauimba Jumatatu mbele ya bendera, lakini ubeti ukamkwama katikati, sauti ikakauka, afisa anamwambia endelea, na basi zima kimya, mi nimekaa na pasi yangu mkononi, mgeni halali niliyekuja kufanya utafiti wa utambulisho wa Mmexico, sisemi kitu. Mpaka mama mmoja nyuma kule akapaza sauti, "na dereva mwambieni aimbe basi!" Watu wakaangua kicheko, maafisa wakashuka. Jamaa akavaa kofia. Tulienda kimya muda mrefu sana alafu akasema tu, "mara ya tatu mwaka huu".

Tulivyofika akaniambia primo, yaani binamu, twende nyumbani, hamna kulala gesti. Bibi yake yuko uani anapanga maua ya njano kwenye meza ya marehemu, akanipa juisi ya rozela, rozela ileile ya kwetu, akaweka na sahani ya tamales, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Nikaona nianze kazi, nikatoa dodoso, swali la kwanza: je, unajitambulisha kuwa na asili ya Afrika? Bibi kaniangalia. "Sisi ni morenos, weusi wa hapahapa. Wewe mama yako yupo? Nani anakupikia huko mjini?" Swali la pili sikulifikia. Mwaka uliofuata katiba ikabadilishwa ikawatambua Wamexico wenye asili ya Afrika, na sensa ya 2020 ilipowauliza, zaidi ya watu milioni 2.5 wakajibu ndio. Huwa najiuliza bibi yule aliwajibu nini, au na wao waliulizwa nani anawapikia.

Usiku wakatoka Mashetani, ndo ngoma yao ya Siku ya Wafu, vinyago vya ngozi vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wanainama wanapiga miguu chini vumbi linapanda, harmonika inalia, kuna kibuyu kimewambwa ngozi kinasuguliwa na kijiti kinaunguruma kama chui. Na charrasca, taya la punda lililokaushwa, ukiligonga meno yote yanacheza ndani. Shetani mmoja akanisogelea akavua kinyago, jasho tupu, kumbe jamaa yangu wa kwenye basi, akanipa taya, "piga primo". Nikaligonga kwa nguvu zangu zote jino likachomoka, nikapiga magoti natafuta jino la punda kwenye vumbi na tochi ya simu, bibi yake anacheka huku kashikilia mbavu.