Kipindupindu: maamuzi niliyoyabandika ukutani mapema

Kilichonisaidia kuongoza kikosi cha wilaya wakati wa kipindupindu ni karatasi moja ukutani: hali ikifika hapa, tunafanya hiki. Iandikwe na kusainiwa akili ikiwa imetulia, maana wagonjwa wakianza kumiminika, kila mwenye cheo hupiga simu na rai yake.

Mstari wa kwanza: kambi ya matibabu inafunguliwa kwa dalili, haingoji maabara. Sampuli iende, lakini majibu ya kuotesha vijidudu maabara huchukua siku kadhaa, na aliyeishiwa maji hufa kwa saa chache. Tukikosea, tumepoteza gharama ya hema na posho, basi.

Pa kutazamwa sana ni dripu. Mtu mzima wa kilo 60 mwenye upungufu mkubwa wa maji anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 6 za Ringer (maji ya dripu yenye chumvi) kwa saa 3: lita 1.8 nusu saa ya kwanza, 4.2 kwa saa mbili na nusu zinazofuata. Hizo ni chupa 12 za nusu lita. Ukisikia stoo ina chupa 100, zinatosha wagonjwa 8 tu. Ndiyo maana ripoti ya stoo niliitaka kwa hesabu ya wagonjwa, si ya chupa. Dripu huisha mapema kwa sababu anatundikiwa kila anayeharisha. Ndugu huona bila dripu hajatibiwa. Anayeweza kunywa apewe ORS (maji ya kunywa ya chumvi na sukari), na muuguzi anayekataa kumtundikia alindwe na kiongozi wake.

Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita 10 za maji ya kunawa mikono, gramu 30 kwa lita 10 za kuoshea sakafu. Ndoo ziwe za plastiki, zenye mifuniko na rangi tofauti, na ichanganywe upya kila siku. Jua huimaliza nguvu, na chuma huliwa.

Mama lishe sikuwafungia wote. Marufuku ya jumla huwahamishia uani, ambako afisa afya hawaoni. Chakula cha moto, ndoo yenye koki na sabuni: anaendelea. Juisi na matunda yaliyomenywa: hapana.

Kikao ni asubuhi, nusu saa, tukiwa tumesimama na orodha ya wagonjwa mkononi: umri, mtaa, chanzo cha maji, saa ya kufika. Vifo vikizidi asilimia 1 ya wagonjwa, swali langu ni moja: wamefia wapi? Wakifia nyumbani, kambi iko mbali au inaogopwa, basi vituo vya kunyweshea ORS vinapelekwa mtaani kupitia mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi. Wakifia kambini, natazama zamu ya usiku. Mara nyingi muuguzi ni mmoja kwa vitanda vingi mno, na dripu ya nusu saa imeshuka kwa saa mbili.