Kipupwe cha Njombe na makangaga yangu mawili

Nilipopata uhamisho wa kwenda kufundisha Njombe, nilipanda basi Tanga nikiwa na mabegi mawili, sanduku la vitabu na mbao mbili nilizozifunga kwenye khanga. Juu ya kila ubao kulikuwa na kangaga, mmea wa majani usiotoa maua. La kwanza ni lile lenye majani yaliyogawanyika kama pembe zenye matawi za kulungu wa Ulaya, ambalo wapenda maua wengi mtakuwa mmeliona limetundikwa kwenye vibaraza. Wataalamu wanaliita Platycerium bifurcatum, na asili yake ni mashariki ya Australia. La pili ni la kwetu Afrika, Platycerium elephantotis. Hilo halina pembe. Majani yake ni mapana, yananing'inia kama masikio ya tembo. Mama alilibandua kwenye mwembe wa uani kwake Muheza, akaliweka ubaoni juu ya makumbi ya nazi na kulikaza kwa kamba ya katani. Akaniambia, "Mwanangu, hili limemzidi umri mdogo wako. Ukalitunze."

Januari hadi Aprili sikuona tatizo. Niliyatundika kibarazani, mvua ikawa inanyesha, yakastawi. Mwishoni mwa Mei ubaridi ukaanza. Waliowahi kuishi Njombe wanajua ninachosema: asubuhi unatoka na koti, ukungu umefunika shamba la viazi la jirani, na bomba la uani ukiligusa vidole vinauma. Katikati ya Juni niliona madoa meusi kwenye masikio ya tembo, karibu na shina. Niliyabonyeza kwa kidole, yakabonyea kama ndizi iliyooza, na kidole kikabaki na harufu ya maji ya mtungi uliokaa. Siku hiyo nilikaa kibarazani nikashindwa hata kumpigia mama.

Hapa niseme jambo ambalo limewaponza wengi. Makangaga haya yana majani ya namna mbili. Yako yanayoning'inia, na yako ya chini, ya duara, yaliyolala juu ya ubao kama ngao na kufunika mizizi. Yale ya ngao yakizeeka hugeuka kahawia na kukauka kama karatasi. Huo si ugonjwa, na usiyang'oe, maana ndiyo blanketi la mizizi. Kinachotisha ni weusi ulio laini, wenye majimaji. Na ule unga mweupe juu ya majani ni vinyweleo vya mmea wenyewe, vinausaidia usipoteze maji. Usiufute kwa kitambaa ukidhani ni vumbi.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenifungua macho, bila kujua. Anafuga vifaranga, na siku nilipoingia bandani kwake kumwamkia nikaona kipimajoto kimening'inia juu ya taa. "Mwalimu," akaniambia, "baridi ya Njombe usiikadirie kwa ngozi. Mimi nilipoteza vifaranga arobaini kwa kukadiria." Mchana huohuo nikaenda duka la pembejeo nikanunua changu.

Nilikitundika kila mahali, siku mbilimbili, nikawa naandika kwenye daftari. Kibarazani saa kumi na mbili asubuhi kilisoma nyuzi 6 za Selsiasi. Sebuleni, kwenye dirisha la kioo nililodhani ni pazuri kwa sababu ya mwanga, nyuzi 9. Ukuta wa ndani wa sebule hiyohiyo, 13. Kwenye ukuta wa chumbani unaopakana na jiko, juu karibu na silingi bodi, 16. Nyumba moja, tofauti ya nyuzi 10! Chumba kisicho na silingi bodi ndicho kilichokuwa kibaya kupita vyote ndani ya nyumba, maana bati likipoa na chumba kinapoa nalo.

Ndipo nikafanya hesabu ambayo ilitakiwa nianze nayo. Tanga iko usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 1,900 na zaidi. Kila ukipanda mita 1,000 joto la hewa hushuka kama nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kangaga lililozoea usiku wa nyuzi 22 nilikuwa nimelipeleka mahali pengine kabisa. Haya ya pembe za kulungu yanavumilia: usiku wa nyuzi 10 hayajali, na hata ikishuka karibu na sifuri kwa saa chache yanaweza kupona, mradi yawe makavu. Ya masikio ya tembo ni ya misitu ya joto, na usiku wa chini ya nyuzi 15 kwake ni adhabu. Basi kabla hujauliza kangaga lako linataka joto gani, tazama kwanza ni lipi. Muuzaji akikwambia yote ni mamoja, usimsikilize.

Lakini baridi haikufanya kazi peke yake. Mkosaji wa pili nilikuwa mimi na beseni langu la maji. Tanga nilikuwa nalowesha ubao kila baada ya siku tatu, na Njombe nikaendelea hivyohivyo. Sasa hebu fikiria: kwenye baridi mizizi inakunywa kidogo sana, hewa haikaushi kitu, makumbi yanabaki yameshiba maji, na kuvu wanapata makazi. Nilipoacha kumwagilia nikapima, ubao ulichukua siku kumi na moja kukauka. Siku kumi na moja! Na mimi nilikuwa nauongezea maji kila siku ya tatu.

Kwa hiyo nilibadilisha vitu viwili. Masikio ya tembo nililihamishia ukuta ule wa jiko, na pembe za kulungu likabaki ukuta wa ndani wa sebule. Na maji nikaacha kuyatoa kwa tarehe. Nanyanyua ubao. Ukiwa mzito, narudisha. Ukiwa mwepesi, nasubiri Jumamosi yenye jua, naweka ndoo uani mpaka maji yaache kuwa ya barafu, nalowesha saa nne asubuhi, naacha uchuruzike kibarazani, na kabla ya saa kumi jioni unarudi ndani ukiwa haudondoshi tena. Sehemu iliyooza niliikata kwa kisu nilichokichemsha, nikaiacha ipigwe na hewa, bila kuloweka chochote kwa wiki mbili.

Nilijaribu pia kuliweka lile la masikio ya tembo juu ya jiko la mkaa jioni. Usifanye hivyo. Joto lilipanda hadi nyuzi 27 na ncha za majani zikakauka kwa siku tatu, kwa sababu lile ni joto kavu la moshi. Na tafadhali, mtu asije akalala na jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya mmea wala kwa ajili ya kitu chochote. Hewa yake inaua watu kila msimu wa baridi.

Masikio ya tembo lilipoteza majani matatu kati ya manne. Julai yote lilikaa hivyo, jani moja na ngao kavu, lakini katikati, pale ncha inapochipulia, palikuwa kijani na pagumu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipagusa. Nilimwambia mama ukweli mwezi wa nane. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Moyo wake mgumu au laini?" Nikamwambia mgumu. "Basi liache, mwanangu. Hata huku kiangazi kikizidi hujikunja hivyo."

Wiki ya pili ya Oktoba, kipimajoto cha ukuta wa jiko kikisoma 18 alfajiri, niliona kitu kama ulimi mdogo, cheupe kwa vinyweleo, kimetokeza katikati ya ngao. Kilikuwa na urefu wa ukucha. Nilikipiga picha nikamtumia mama kabla sijanawa uso.

Kipupwe kilichofuata kipimajoto hakikuonyesha chini ya 15 pale lilipo, na sikupoteza jani. Lile la pembe za kulungu limeshatoa machipukizi mawili kandoni. Moja nimemwahidi mama mwenye nyumba, ila nimemwomba asubiri Novemba.