Mwezi anatufuata

Jana usiku tulikuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, mimi na binti yangu wa miaka minne, akanivuta mkono akasema mama, mwezi anatufuata. Na mimi bila hata kutazama juu nikamjibu, sio anatufuata, sema unatufuata, mwezi sio mtu. Akanyamaza. Yani alinyamaza njia nzima mpaka mlangoni, na mtoto huyu huwa hanyamazi.

Nililala na hiyo kitu kichwani. Maana nilichosahihisha pale haikuwa lugha tu. Kwake yeye mwezi yuko kwenye ngeli moja na mama, paka na yeye mwenyewe, na ile a- ndogo mwanzoni mwa neno ndo ilikuwa imebeba imani yake yote, kwamba kuna mtu huko juu anatujali. Mimi nikaing'oa, nikaweka u-, mwezi ukawa kitu kama meza.

Na wala si yeye peke yake. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwauliza watoto maswali ya namna hii na mwaka 1926 akaandika kwamba watoto wadogo wengi wanaamini kabisa jua na mwezi vinawafuata wakitembea. Ukifikiria, macho yao hayajakosea. Mti wa karibu unaupita hatua chache unabaki nyuma, lakini mwezi uko mbali kama kilomita 384,000 hivi, utembee mtaa mzima bado uko palepale begani kwako. Mtoto ameona sawasawa, kilichobaki ni kuulizana kwa nini, naye kajijibu kwa upendo.

Hapa ndo naona mashairi yetu mengi ya wazazi kwa watoto yana upungufu, na nayasema haya nikiwa nayapenda sana. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, unanitoa machozi kila nikiusoma, mama mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita bintiye asogee karibu na wino na karatasi amwachie wosia. Ni upendo mtupu ule. Ila binti mwenyewe anakaa anaandika tu, hatumsikii akisema kitu. Na sisi tumerithi hivyo, tukishika kalamu kuandika kuhusu mtoto basi ni usia, ni soma kwa bidii, ni heshimu wakubwa. Sisemi tuache usia. Nasema kuna shairi lingine ambalo mtoto ndo anaongea na mzazi ndo analeta karatasi.

Rabindranath Tagore, yule mshairi wa India, aliliweza hilo. Alifiwa na mkewe 1902, mwaka uliofuata akatoa mashairi ya utotoni kwa Kibengali, na mengi ndani yake anayeongea ni mtoto, anamwambia mama yake safari na mambo aliyoyaona yeye tu. Baba mwenye msiba mzito vile, watoto wamebaki bila mama, akachagua kusikiliza michezo yao. Mimi hilo huwa nalirudia sana moyoni.

Basi asubuhi nikaandika ubeti mmoja, mizani nane kila mstari kama utenzi wowote, nikamrudishia mwezi ngeli yake:

Mwezi anatufuata
kila kona atupata
hachoki kututafuta
mama, anataka nini?

Mstari wa nne niliuacha uwe swali kwa makusudi, maana kwenye utenzi mistari mitatu ya kwanza inashikana kina na wa nne unabaki na wake unaosubiri beti zijazo, na mimi nilitaka huo usubiri yeye ajibu.

Nikamsomea wakati namsuka. Akasikiliza kichwa kimeinama, nikamaliza, akasema rudia. Nikarudia. Akasema hapana mama, hatutafuti. Nikamuuliza kwa nini, akanigeukia kabisa na nywele nusu zimesukwa nusu bado, akasema si ameshatuona?

Na ni kweli, mstari wa pili nimesema kila kona atupata, sasa wa tatu anatafuta nini tena. Nimeufuta. Tangu asubuhi natafuta mstari mwingine wa mizani nane unaoishia na -ta, yeye kila akipita hapa anauliza, umeshapata?