Daftari la mifuko ya damu

Mwanangu ana thalasemia, ugonjwa wa kurithi unaomfanya apungukiwe damu. Kila wiki ya tatu huongezewa damu, na tangu mfuko wa kwanza, akiwa na miezi minane, naandika namba ya kila mfuko kwenye daftari. Sasa ana miaka 8 na namba zimepita 120.

Alipofikisha miaka 6, vipimo vya ini vilianza kupanda. Nikaambiwa ni madini ya chuma: damu ya kuongezewa humwachia mtoto chuma ambacho mwili hauna njia ya kukitoa, kikatuama kwenye ini. Kweli hutuama. Lakini karibu mwaka mzima hakuna aliyetafuta sababu nyingine, na hilo linaniuma hadi leo. Walipotafuta, wakakuta kingamwili za homa ya ini C, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukikutana na kirusi hicho.

Usiku ule nilipitisha kidole kwenye namba zote. Ni upi kati ya hii? Yote ilikuwa imepimwa! Daktari akanieleza habari ya kipindi dirisha: mtu aliyeambukizwa karibuni huweza kukaa wiki nyingi kabla kingamwili hazijaonekana, na damu atakayotoa wakati huo itapita kipimo cha kingamwili. Kipimo kinachosaka kirusi chenyewe hupunguza sana muda huo, ila si kila benki ya damu inacho. Kwa mfuko mmoja hatari ni ndogo mno. Sisi hatuhesabu mfuko mmoja.

Mama mwenzangu, ukipewa majibu kama yale, uliza kipimo cha pili, kile kinachosaka kirusi chenyewe. Wapo ambao mwili hukifukuza kirusi wenyewe, kingamwili zikabaki tu. Kwa mwanangu kirusi kilikuwepo. Alimeza vidonge wiki 12, na miezi mitatu baada ya kumaliza hakikuonekana tena. Homa ya ini C haina chanjo. Ya B inayo, naye alishachanjwa, lakini nimeomba wapime kama kinga bado inatosha.

Niliulizwa na ndugu kwa nini nisisimamishe damu. Wao hawajamwona midomo ikipauka, akishindwa kupanda ngazi tatu. Wiki iliyofuata majibu tulikwenda kama kawaida, mikono ikinitetemeka.

Siku hizi namba anaisoma yeye, tarakimu moja moja, mimi naandika. Nikikosea, ananirudisha mwanzo.