Uzito juu ya maji

Mie ni fundi wa lifti. Wenzangu tukipita Wapping, mashariki mwa London, hutazama mto. Mie natazama matofali. Mkabala na baa ya Prospect of Whitby kuna jengo jekundu ambalo London Hydraulic Power Company, kampuni ya kuuza nguvu ya maji, ililijenga mwaka 1890, zama za Malkia Victoria.

Umeme halikutoa. Lilisukuma maji tu, kwenye mabomba ya chuma yaliyofukiwa chini ya barabara, kwa presha karibu mara 50 ya ile ya hewa. Maji hayo ndiyo yaliyoendesha winchi za gatini, malango ya mabwawa ya meli, lifti za mahoteli, hadi mapazia ya chuma ya kuzuia moto kwenye majumba ya maigizo. Mabomba ya kampuni yalifika karibu kilomita 290. Mteja akifungua vali, mita inahesabu, anakuja kulipa.

Lakini uhondo wenyewe uko kwenye mnara wa jengo hilo. Ndani husimama pistoni nene, imetwishwa uzito wa tani nyingi. Pampu zikileta maji kuzidi yanayotumika, pistoni inapanda na mzigo wake. Winchi zikianza kunyanyua kwa pamoja, uzito unashuka na kuyakamua maji, presha isiyumbe. Akiba, kama pipa la maji lililojazwa usiku kabla mfereji haujakauka.

Ujanja huo ni wa William Armstrong, mhandisi wa Kiingereza. Kabla yake, ukitaka presha unajenga mnara wa kuweka tangi juu kabisa. Ule wa bandari ya Grimsby, Uingereza, uliokamilika 1852, una zaidi ya mita 90! Armstrong akaona hasara ya nini: maji yabaki chini, uzito ndio ukae juu yake. Wanaoniambia mashine za kale ni za kijinga, mie huwaacha waseme.

Miaka ya 1950 injini za mvuke zilitolewa, zikaingia mota za umeme. Kituo kikafungwa 1977, cha mwisho cha kampuni hiyo. Meli zilikuwa zimeshahama. Baadaye, hadi 2013, kikawa ukumbi wa sanaa na mgahawa, watu wakila samaki kando ya pampu.

Na yale mabomba? Miaka ya 1980 kampuni ya simu ya Mercury iliyanunua, ikapitisha humo nyaya zake bila kuchimba London upya.