Nondo walivyotoboa koti langu la Harris Tweed, na nilivyoliziba tundu

Koti langu la Harris Tweed, kitambaa kizito cha sufu cha Uskoti, nililinunua mtumba hapa Glasgow, na kwa baridi ya huku sina nguo ninayoipenda kuliko hiyo. Majuzi nililitoa kabatini nikakuta tundu mkononi, ukubwa wa punje ya hindi. Nondo! Viwavi wao hula sufu.

Kwanza nililifunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, nikaliweka kwenye friza wiki mbili ili kuua viwavi na mayai. Kabati nikalisafisha pembe zote.

Nilikokwama ni kwenye uzi. Nilinunua wa kahawia dukani, nikashona, ikaonekana kiraka kitupu. Nikafumua. Nilipochukua kioo cha kukuzia ndipo nikaelewa: sufu ya kitambaa hiki hutiwa rangi kabla ya kusokotwa, kisha rangi huchanganywa. Ndani ya huo uzi wa "kahawia" niliona chungwa, kijani, hata zambarau. Uzi wa dukani ungefananaje?

Dawa ikawa kuchomoa nyuzi za koti lenyewe, kwenye akiba ya pindo la ndani. Nilizipitisha kwa sindano butu nikifuata ufumaji wake: juu ya nyuzi mbili, chini ya mbili, kila mstari ukisogea uzi mmoja. Jioni tatu nzima, na sikuona uchungu. Sheria ya Uingereza ya 1993 inataka kitambaa hiki kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, magharibi mwa Uskoti, majumbani mwao. Kazi kama hiyo haizibwi kwa kiraka.

Sasa tundu silioni mpaka nilipapase.